Mabawa Matatu ya Dan

Mwili wa Mzee Singh tuliuchoma kwa desturi yao Jumamosi asubuhi hapa Nakuru, na baadaye tukaenda gurudwara, hekalu la Masingasinga, kula. Magoti yangu ni ya fundi, hayataki kukaa chini, lakini pale watu wote hukaa chini kwenye zulia, tajiri na mpita njia, kwa hiyo nilikaa. Tulipewa dengu, roti moto, na wali wa maziwa wenye iliki. Mama Singh, ambaye siku hizi macho yake yana ukungu, aliletwa na wajukuu akaketi kando yangu. Alinishika kiganja akakipapasa kidogo, akihakikisha ni mimi, halafu akaniuliza mbele ya watu: "Njoki, yule kijana wetu alikuwa na miaka mingapi?" Wajukuu wakatazamana. Walidhani amechanganyikiwa na huzuni, kwa kuwa yeye na mzee walizaa wasichana watupu. Mimi nilijua anamsema nani. "Ishirini na sita," nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Alikuwa anakula, si ndiyo? Wewe uliona alikuwa anakula." Nikamwambia ndiyo, mama, alikuwa anakula vizuri sana. Swali hilo ameniuliza kila tunapokutana tangu mwaka 2008, na jibu ni hilo hilo, na halijawahi kumtosha.

Basi nimeona niandike habari za mwaka ule sasa, kabla sijabaki peke yangu ninayezijua. Na sipendi kumzungusha msomaji: kijana aliitwa Dan, na alikufa. Aliisha mbele ya macho yetu watu watatu tuliompenda, tukiwa na mikono mizuri na vipimo vizuri, na badala ya kumwangalia yeye tukawa tunapunguza kipande cha mbao. Mtu akiniuliza kwa nini nina hasira za karibu, namwambia nimezaliwa nazo. Si kweli. Nilizipata Naivasha.

Ya kwetu nayaruka, hayana kazi hapa. Mwishoni mwa 2007 nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa mbao katika yadi ya Mzee Singh, upande wa chini wa mji. Tulitengeneza milango, vitanda, fremu za vibanda vya maua, na mashua za hoteli za ziwani. Wateja wakiingia wakinikuta na randa mkononi waliniuliza fundi yuko wapi, nami niliwaambia ametoka, rudini kesho. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Ukutani, usawa wa goti, kulikuwa na mstari wa tope ulioonyesha maji ya ziwa yalifika wapi mwaka mmoja kabla sijahamia. Mwenye nyumba aliupaka rangi kila Krismasi, na kila mvua ikija mstari ulirudi. Kitanda changu nilikipa miguu mirefu kwa sababu hiyo, na majirani walikuwa wakija kukicheka. Asubuhi nilikula chumbani, chai ya rangi na mkate, lakini mchana nilikula kwa Mama Singh, kwa sababu nyumba yao ilikuwa ndani ya yadi hiyo hiyo na mama yule hakuweza kuona mtu anafungua mkebe wa chakula baridi mbele yake. Meza ilikuwa ya jikoni, ya mninga, nzito, na dirisha lilitazama rundo la mbao zetu. Mengi ya mwaka ule niliyaona nikiwa nimeketi kwenye meza ile.

Ubao ulifika mwezi wa Oktoba. Uliletwa na Mholanzi mmoja, meneja wa shamba la maua, mtu mrefu mwenye masikio mekundu. Alikuwa nao kwao, akauleta kwa meli pamoja na vyombo vya nyumba. Ulikuwa ubao wa kusimamia majini wenye tanga, aina ambayo tuliijua, lakini chini yake ulikuwa na mguu wa chuma wa karibu mita moja, na kwenye ncha ya mguu palikuwa na bawa. Alitueleza kwa mikono. Upepo unasukuma tanga, ubao unashika kasi, bawa lililo chini majini linainua kila kitu, na mtu anakwenda hewani, ubao haugusi maji tena. Mzee Singh alimsikiliza akiwa amekunja mikono, akamwambia, "Sawa, na sasa limevunjikia wapi?" Lilikuwa limegonga nguzo ya ua wa zamani, zile zilizomezwa na ziwa lilipopanda. Nusu ya bawa ilikuwa imebaki huko. Mholanzi alitaka lingine. Hapakuwa na duka la kuliuza kutoka hapa hadi Mombasa, na Mzee Singh, ambaye kazi rahisi zilimchosha, alilipokea kwa mikono miwili.

Dan ndiye aliyekuja kuushika ubao ule. Alikuwa akikata waridi katika shamba la Mholanzi, akiishi mtaa wa Karagita katika chumba cha mabati, na Jumapili alifanya kazi ya mashua kwenye hoteli, kwa hiyo alikuwa mmoja wa wachache pale shambani waliojua tanga, na meneja akampa kazi ya kuujaribu. Alikuja nyuma ya pikapu ya meneja ameushikilia ubao usiruke. Alikuwa mtu mkubwa. Mabega yake yalijaza mlango wetu, na sauti yake pia. "Niaje, fundi," akaniambia mimi, si mtu mwingine, na hakuuliza fundi yuko wapi. Nikampenda hapo hapo, kwa maana zote za neno hilo, na sikuwahi kumwambia. Hilo nalo niliandike liishe.

Mzee Singh alikuwa na daftari la hesabu la shule, lile la vijimraba, na alikuwa na desturi ambayo mafundi wake wote tuliijua na kuicheka. Kisichobadilika alikiandika kwa wino, kinachobadilika kwa penseli. Upana wa mlango ni wino. Unyevu wa mbao ni penseli. Siku ile alimchukua Dan hadi kwa jirani yetu aliyeuza viazi kwa gunia, akamwambia apande kwenye mizani. "Themanini na mbili," akasoma mwenye viazi. "Gunia halijajaa hilo. Ongeza viazi." Tukacheka, na Dan akaomba viazi kweli, akapewa vitatu. Mzee Singh akafungua daftari, akaandika juu ya ukurasa: Dan, kilo 82. Aliandika kwa wino. Nilikuwa nimesimama begani kwake nikaona, na sikuona kasoro yoyote. Mtu mzima uzito wake ni wake, nani angeuandika kwa penseli? Chini yake akaandika upepo wa ziwani, asubuhi na mchana, na huo akauandika kwa penseli.

Tulijifunza kwa kukosea. Bawa la majaribio nililonakili kutoka lile lililovunjika, ambalo hatukulihesabu, lilikuwa fupi, la inchi ishirini na nne toka ncha hadi ncha, na halikuinua kitu. Dan alikwenda na kurudi juu ya ziwa kama mtu anayeburuta jembe. Mzee Singh akakaa na vijimraba vyake jioni mbili, akatoka na sheria tatu, akazisema mezani huku akipaka siagi roti. Mtu mzito, bawa kubwa. Upepo mdogo, bawa kubwa. Mtu mgeni wa mchezo, bawa kubwa. Na kinyume chake: mtu mwepesi, upepo mwingi, mtu aliyezoea, bawa dogo. "Na likiwa kubwa kupita kiasi?" Dan akauliza. "Litakuinua kabla hujaliomba. Litatoka nje ya maji, likose cha kushika, na wewe utakula ziwa." Kwa hiyo nikachonga la inchi thelathini na sita, tabaka kwa tabaka za plaiwudi nyembamba, nikalivika faiba. Faiba ni kitambaa cha kioo unachokilowesha kwa gundi kali, na gundi hiyo ikishika mikononi haitoki kwa sabuni, inatoka kwa asetoni. Harufu ya asetoni mtu haisahau. Ni tamu na inachoma, iko karibu na ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kazi ya faiba Dan alikuwa akinisaidia, kila siku akitoka shambani, na sote wawili tulinuka hivyo hadi Mama Singh akatuwekea ndoo ya maji mlangoni.

Siku moja ya Novemba, mchana, upepo wa kawaida, bawa la thelathini na sita lilimwinua. Nilikuwa kwenye gati ya Mholanzi. Kwanza kelele ya maji chini ya ubao ikakoma, na nilipotazama, Dan alikuwa amesimama hewani, anakwenda. Alipiga mayowe mpaka viboko kwenye mafunjo wakainua vichwa. Alianguka mita hamsini mbele, akaibuka akicheka. Mholanzi akamwambia hivi: yeye anakwenda kwao Krismasi, atarudi Pasaka na rafiki yake mwenye shule ya michezo ya upepo huko pwani. Kama kufikia hapo Dan ataweza kutoka gatini kwenda kisiwani na kurudi bila kuanguka, rafiki yake atamchukua awe mwalimu. Tangu siku ile Dan hakuzungumza jambo lingine. Alikuwa na tabia ya kueleza akiwa na chakula mdomoni, na mezani kwa Mama Singh alitumia kijiko kuwa ubao na roti kuwa tanga.

Uchaguzi wa mwisho wa Desemba ukaja, na kila mtu anajua ulivyokuja na damu iliyoufuata. Mwanzo wa Januari Naivasha palikuwa bado shwari, tuliogopa kwa kusikiliza redio tu. Shamba lilikuwa limepunguza kazi, Dan alikuwa na nafasi, akaenda ziwani karibu kila mchana. Akaanza kulalamika. "Njoki, bawa linanirusha. Nikishika kasi kidogo tu, linatoka majini." Mzee Singh akafurahi. Kweli alifurahi, akasugua viganja. Januari ni mwezi wa upepo, akasema, na zaidi ya hapo Dan amekomaa, si mgeni tena. Sababu mbili kati ya tatu, na zote mbili zilikuwa za kweli. Ndiyo maana nasema hatukuwa wajinga. Nikachonga la inchi thelathini na mbili. Dan akalijaribu wiki moja. Siku mbili lilikaa vizuri, halafu likaanza kumrusha nalo. "Unaona?" Mzee Singh akaniambia. "Kijana anaendelea kuwa hodari." Akafungua daftari, akafuta upepo, akaandika mwingine juu yake. Jina la Dan na kilo zake hakuzigusa.

Halafu mwisho wa mwezi ule mambo yakafika kwetu. Sitayaeleza yote, wapo walioyaeleza vizuri kuliko mimi na wapo waliopotezwa nayo. Nitasema hili tu, kwamba waliopita barabarani na mapanga walizungumza lugha ya mama yangu, nikaelewa kila neno, na kuelewa huko hakukunisaidia kitu. Dan hakuwa wa lugha hiyo. Chumba chake cha Karagita kilivunjwa na godoro lake likachomwa nje. Alifika yadini kwa kupitia nyuma, kwenye uzio wa michongoma, akiwa na suruali moja na mikwaruzo. Mzee Singh alifunga lango akamweka stoo, nyuma ya mbao za saiprasi. Saa nne asubuhi wakaja watu sita. Mzee akawaambia kupitia kitundu hakuna mtu, ni mbao. Hawakumwamini, wakaniita mimi, wakaniuliza kwa lugha yetu. Nikawajibu kwa lugha yetu kwamba ni mbao. Sauti ilitoka sawa. Wakaenda. Sikujua kama nijisifu au nione aibu kwamba waliniamini kwa sababu ya lafudhi yangu.

Dan alikaa ndani ya yadi ile mwezi mzima. Nami sikurudi Kihoto, nililala chumba cha wasichana wa Mama Singh, ambao walishaolewa. Kwa hiyo tulikuwa watu wanne nyumba moja, tukila meza moja mara tatu kwa siku, na hakuna mtu aliyetoka. Jikoni palikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa, kalenda ya picha za mahekalu, na jagi la plastiki la kijani ambalo Dan alilimaliza peke yake. Analimaliza, analijaza, analimaliza. "Una samaki tumboni?" nilimuuliza. Alikula roti saba, nane. Mama Singh alikuwa akimtazama anavyokula kwa furaha ya mwanamke ambaye chakula chake kinapendwa, na bado alimwona anakonda, maana hakuwa kipofu, wala mimi. Suruali aliifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mifupa ya shingo ilitokeza. Siku moja nilimsikia Mama Singh akizungumza na mzee ndani, kwa Kiswahili, kwa sababu walipogombana walitumia Kiswahili. "Huyu mtoto anaisha." Mzee akamwambia, "Ametoroka kifo, nyumba yake imechomwa, unataka anenepe? Hata mimi nimekonda." Ilikuwa kweli. Mimi pia sketi ilikuwa inazunguka. Januari ile na Februari ile, nani hakukonda?

Mama Singh akaamua kumjenga. Alimwekea sukari vijiko vitano kwenye chai. Alimchanganyia glukosi ya pakiti, ile wanayopewa wagonjwa, bilauri asubuhi na bilauri jioni. Mzee akamnunulia soda kupitia kitundu cha lango, kreti nzima, kwa sababu Dan alisema soda ndiyo inamkata kiu. Naziandika hapa kwa utaratibu, chai, glukosi, soda, kwa sababu kila kimoja kilitolewa kwa upendo. Nilikuwepo. Nilimkorogea mwenyewe.

Na harufu. Alikuwa ananuka asetoni. Nilikuwa nimeanza bawa la tatu, la inchi ishirini na nane, na Dan alikuwa akikaa kwenye benchi kando yangu, kwa hiyo chumba chote kilinuka asetoni, na sisi tulinuka, na chakula kilinuka. Mama Singh alilalamika kwamba Dan akija mezani analeta duka zima la rangi. "Oga, beta, mwanangu." "Nimeoga, mama." "Oga tena." Akaoga tena. Akarudi na ile harufu, na Mama Singh akafungua dirisha. Hakuna yeyote kati yetu aliyesogea karibu na kugundua kwamba haikutoka mikononi, ilitoka mdomoni. Watu wa nyumba nyingine wangeshtuka siku ya kwanza. Sisi tulikuwa na mkebe wa lita tano mlangoni, tukaona tumeshajua inakotoka.

Kuna mchana mmoja ninaurudia mara nyingi. Nilikuwa natia msasa ukingo wa mbele wa bawa, kazi ya subira, unasugua na kupapasa kwa kidole gumba. Dan alikuwa amelala chali juu ya benchi. Kabla ya hapo hakuwa mtu wa kulala mchana. Akasema, "Njoki, siku hizi nachoka. Nikipanda ngazi ya stoo miguu inakataa." Sikuinua macho kutoka kwa kazi. Nikamwambia, "Kila mtu amechoka, Dan." "Ni kweli," akasema, akageuka upande. Sauti yangu haikuwa mbaya, nilimjibu kwa upole kabisa. Mizani ya viazi ilikuwa hatua arobaini kutoka pale, jirani alikuwa amefungua tena, ningesema tu, hebu njoo. Miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuikumbuka siku ile vizuri zaidi nione kama kuna kitu kilichonizuia. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nataka kumaliza ule ukingo.

Bawa lilipokauka, mji ulikuwa umetulia kiasi, na wiki moja na nusu baadaye, mwisho wa Februari, mzee akasema twende. Tulimlaza Dan nyuma ya pikapu chini ya turubai, pamoja na ubao, mimi juu ya turubai nikijifanya nimekalia mizigo, mzee na Mama Singh wakiwa mbele. Gatini hapakuwa na mtu. Saa nane mchana, upepo ukishuka kutoka upande wa mlima Longonot, ziwa limejaa mikunjo. Dan alijaribu kuubeba ubao akashindwa, akacheka, akasema mikono imelala. Nikaubeba mimi. Alikaa kwenye ngazi za gati akinywa maji, muda mrefu, hadi Mama Singh akasema tuache, turudi nyumbani. "Hapana, mama," akasema. "Nikae tu kidogo." Halafu akaingia majini, akainua tanga kwa mgongo, si kwa mikono, akaondoka.

Lile bawa la tatu lilikuwa sahihi. Lazima niseme, kwa sababu ni kazi yangu na kwa sababu ni kweli. Lilimwinua taratibu, halikumrusha, halikutikisika. Alikwenda hewani juu ya ziwa lile hadi akawa kijiti, akazunguka mbele ya kisiwa bila kugusa maji, akarudi. Mzee Singh alikuwa amenishika bega, ananiumiza. Alikuwa akilia, analia na kuhesabu upepo kwa sauti. "Umeona, Njoki. Umeona saizi." Mama Singh alipiga makofi. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyowahi kufurahi, na siwezi kuirudisha furaha ile dukani kwa kuwa baadaye nilijua imetoka wapi. Bawa dogo vile halingemwinua Dan wa Oktoba, hata kwa upepo ule. Lilikuwa limemwinua mtu mwingine, aliyebaki.

Alitoka majini kwa magoti. Akalala kwenye nyasi, akanywa soda chupa mbili, akatapika. Tukasema ni msisimko. Akaanza kupumua kwa nguvu, kwa kina, haraka, wakati alikuwa amelala tu, na hakuacha. Njiani kuja hospitali ya Nakuru tulimweka katikati yangu na mzee kwenye kiti cha mbele, Mama Singh akakaa nyuma. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu na pumzi yake ilikuwa usoni mwangu, saa nzima, na hata hapo nilifikiri: nguo zangu, lazima nizifue. Aliniuliza, "Nilianguka?" Nikamwambia hukuanguka. Akauliza tena pale kwenye daraja, na tena tulipoanza kuona mji, na kila mara nikamwambia hukuanguka, Dan, ulienda na ukarudi.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Alimwinamia, akanusa, akanyooka. "Huyu ana ugonjwa wa sukari tangu lini?" "Hana sukari," mzee akasema. "Na hii harufu ya pumzi yake?" Mimi nikajibu, kwa haraka, kama anayemtetea mtu. "Ni asetoni, daktari. Ni ya kazi, tunaitumia kwa faiba." Akaniuliza mara ya mwisho alifanya kazi hiyo lini. Nikahesabu. Siku kumi. Nikasema siku kumi, na nilipokuwa nalitamka hilo neno kumi nikaelewa, na mzee naye akaelewa, nikamwona akishika ukingo wa kitanda. Walimpima uzito wakiwa wamemlaza. Kilo hamsini na tisa. "Alianza kupungua lini?" daktari akauliza, akiwa na kalamu tayari. Ndugu wengi hawajui kujibu swali hilo. Mimi nilijua. "Wiki ya kwanza ya Januari," nikasema. "Akaendelea. Katikati ya mwezi alikuwa amepungua zaidi." Akaniuliza nimejuaje kwa uhakika hivyo. Nilijua kwa inchi za mabawa yaliyokuwa yakimrusha. Walifanya walichoweza, nilikuwepo, sina neno juu yao. Alikufa siku ya pili yake, saa sita mchana, Mama Singh akiwa amekwenda kumtafutia uji.

Dada yake, Risper, aliweza kufika baada ya siku tano, barabara ilipokuwa salama kwa watu wao. Alikuja na mjomba na gari la kukodi, wakapitia yadini baada ya kutoka mochari. Alikuwa na mabega ya Dan. Mama Singh alimpa chai na hakuweza kuketi, alisimama kwenye jiko amempa mgongo. Risper alizungusha kikombe mkononi, akatuuliza, bila lawama, anataka tu kujua: "Alikonda lini hivyo?"

Mzee Singh alikuwa mtu wa kutaja vipimo. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumsikia akidanganya kipimo. Alitazama meza, akasema, "Ni mwezi ule, mama. Kila mtu alikonda." Risper akaitikia kwa kichwa. "Hata sisi," akasema. "Hata sisi kule." Akaweka kikombe chini, akasimama, akamshika mzee mkono kwa mikono yote miwili, halafu akanishika mimi. "Asanteni kwa kumficha. Wengine hawakupata watu." Nilikuwa na neno mdomoni, lote, na tarehe zake, na inchi zake. Nikamwambia, "Haya, dada. Mwende salama."